Mgema Aliyeifukia Bahari

Husimuliwa na waliosimuliwa, na yaliyo kweli hasa anayajua Mola peke yake, kwamba zamani katika pwani ya Bara Hindi alitawala Sultani Ruknijahani bin Adhami, mwenye ndovu wa vita na makadhi na washairi wa kumsifu asubuhi na jioni, na ufalme wake ulianzia milimani inakochimbuka mito ukaishia kwenye matope ya ufukoni. Na ng'ambo ya matope hayo palikuwa na visiwa saba vilivyotengwa na mikondo ya bahari, na wenyeji waliviita Satabeti, ambayo kwa lugha yao ni Visiwa Saba, na siku hizo hapakuwa na mji pale wala dalili ya mji. Wewe unayeusikia leo mji wa Satabeti, na minara yake, na karakana zake za nguo, na watu wake wanaolala kwa zamu kwa kukosa nafasi, utaona taabu kusadiki kwamba palikuwa na minazi tu, na vijaruba vya mpunga, na harufu ya samaki wa kukaushwa iliyomlaki msafiri kabla hajaiona nchi kavu.

Sultani aliitamani sana Satabeti, kwa sababu bandari yake mwenyewe ilikuwa imejaa mchanga na merikebu kubwa zilikwama, ilhali nje ya visiwa vile maji yalikuwa ya kina na ya utulivu. Lakini mji haujengwi juu ya vipande saba, soko huku na msikiti kule na bahari katikati, na kila fundi aliyetumwa kuziba mikondo kwa mawe alirudi na habari kwamba bahari imeyala mawe. Basi Sultani akabaki kuvitazama visiwa kutoka dirishani kwake, na roho ikimwuma.

Katika kimojawapo cha visiwa hivyo aliishi kijana mgema aliyeitwa Raghoji, ambaye hakuwa maskini wa kuombewa wala tajiri wa kuombwa. Kazi yake ilikuwa kupanda minazi, kisu cha kotama kiunoni na kibuyu mgongoni, akigema tembo na kuwauzia wavuvi na wapiga makasia, na mama yake akimpikia wali na kumlalamikia kwamba hali akashiba. Alikuwa na miguu myepesi na moyo mwepesi zaidi, na huo moyo ndio uliomponza.

Na watu wa visiwa walikuwa na ada moja waliyoirithi kwa mababu zao, nayo ni kwamba kijana haoi kisiwani kwake. Walisema kuwa watu wanaoweza kufikiana kwa miguu bila bahari kuwa katikati yao ni ndugu, hata kama hawana babu mmoja, na ndugu hawaoani. Mke hutoka ng'ambo ya maji. Siku ya harusi bwana arusi humfuata bibi arusi kwa mtumbwi, akampakia kutoka kizingitini kwa baba yake, unyayo wake usiguse nchi, na wafikapo katikati ya mkondo hutupa nazi majini ili bahari ishuhudie. Wageni waliicheka ada hiyo, lakini wenyewe waliishika, na Raghoji aliijua tangu akinyonya, kama mtu anavyolijua jina lake, yaani bila kuifikiria hata mara moja.

Ng'ambo ya mkondo mwembamba uliopakana na kisiwa chake aliishi Hirba, mkuu wa visiwa vyote na mlinzi wa ada, na Hirba alikuwa na binti aliyeitwa Saguna. Raghoji akiwa kileleni mwa mnazi alimwona kila asubuhi akitundika samaki kwenye chanja za mianzi, safu baada ya safu, ushungi umefungwa kiunoni na mikono ikimeta magamba. Saguna naye akajua kwamba anatazamwa. Mwanzo aligeuza mgongo, halafu akaacha kugeuza, halafu asubuhi moja akainua samaki mmoja wa ng'onda juu akampungia, kama mabibi wa mjini wanavyopunga kitambaa, na Raghoji nusura aanguke na kibuyu chake. Posa ikapelekwa, na Hirba akaridhia, na tangu siku hiyo akimwona mgema huyo hakumwita kwa jina, alimwita mkwe wangu. Harusi ikawekwa mwezi mpevu wa mwisho wa masika, maana masika ya nchi ile ni makali, na mikondo huchafuka, na mtumbwi hauvuki mpaka mvua zikatike.

Mvua zikaanza. Raghoji akawa anapanda minazi iliyoteleza, akifuta maji machoni na kutazama ng'ambo, na chanja zilikuwa tupu. Siku ya pili tupu, na siku zilizofuata tupu. Sasa samaki hawaanikwi mvuani, hilo analijua kila mtoto wa Satabeti, na Raghoji alilijua vilevile. Lakini aliyependa hafikiri kama wenzake. Akaanza kujiambia kwamba Saguna anaumwa. Kisha akajiambia kwamba amekufa na wanamficha. Kisha akajiambia, na hili ndilo lililomnyima usingizi, kwamba hakuumwa wala hakufa, ila amemsahau.

"Kula wali wako, mwanangu," mama yake akamwambia. "Masika hayajawahi kukaa milele. Yatakwisha, utavuka, utaoa, na mimi nitapata mtu wa kunisaidia kuchota maji."

Raghoji akausukuma wali, akatoka, akauendea mnazi mrefu kuliko yote, ambao wagema waliuacha kwa sababu mwewe aliweka kiota kileleni. Alitaka kuona mbali zaidi, pengine hadi mlangoni kwa Hirba. Alipofika juu akakuta upepo umekipasua kiota, na kati ya mifupa na vitambaa vilivyoibwa kwenye kamba za watu palikuwa na pete ya shaba yenye jiwe jeusi, imeganda mavi ya ndege. Akaisugua kwa kidole gumba apate kuiona vizuri, na papo hapo mvua ikasimama upande mmoja wa mnazi, kwa sababu upande huo alisimama jini.

Alikuwa jini mkubwa kupita kiasi, magoti yake yalilingana na makuti, na utosi wake ulikuwa na kipara kilichosuguliwa na mawe aliyoyabeba tangu enzi za wafalme waliosahauliwa. Akainama kwa adabu na kusema, "Labeka, ewe mwenye pete, labeka. Mimi ni Tarmushi mbeba milima, mtumwa wa pete na wa yeyote aivaaye. Dhahabu sina, wanawake siwaleti, na maiti simfufui. Kazi yangu ni mawe na udongo. Sema unalotaka lijengwe, au unalotaka libomolewe, nami nitasikia na kutii."

Raghoji aliukumbatia mnazi kwa mikono na miguu, na ajabu ya kwanza ya hekaya hii ni kwamba hakuanguka. Alipopata sauti akasema, "Bwana jini, unauona mkondo ule?"

"Nauona."

"Ufukie. Nataka nitembee mpaka kwa Hirba leo hii, kabla wali wa mama haujapoa."

Tarmushi akautazama mkondo, akamtazama Raghoji, na midomo yake ikafunguka na kufumba.

"Una neno?" Raghoji akamwuliza.

"Nimeamrishwa kutenda, bwana wangu. Kushauri sikuamrishwa."

"Basi tenda."

Jini akanyoosha mkono hadi bara, akang'oa kilima kizima na vichaka vyake na mbuzi wawili waliokuwa wakila majani, akawaweka mbuzi pembeni kwa upole, na kilima akakimimina mkondoni. Bahari ikalia, na maji yakakimbia huku na huku yasipate pa kwenda, na samaki wakaachwa wakirukaruka matopeni, na watu wa visiwa viwili wakatoka nje vikapu vichwani kujikinga na mvua, wakasimama wakitazamana juu ya ardhi nyekundu ambayo asubuhi haikuwapo. Raghoji akateremka, akapita katikati yao akicheka peke yake, akavuka kwa miguu mahali ambapo hata babu yake alivuka kwa kasia.

Hirba alikuwa amekaa kizingitini, na nyuma yake Saguna alikuwa akishona wavu, mzima wa afya. Saguna alipomwona akatabasamu, na tabasamu lile Raghoji alikuja kulikumbuka siku nyingi, kwa kuwa halikudumu. Macho ya binti yalishuka hadi miguuni pake, yakauona udongo mwekundu.

"Umevuka na nini?" Hirba akauliza.

"Kwa miguu, baba. Hakuna mkondo tena. Nimeufukia."

Mzee akainuka, akatazama, akarudi kuketi kama mtu aliyechoka ghafla. Kisha akasema kwa sauti ya upole, "Karibu, mwanangu."

Raghoji hakulisikia neno hilo. Saguna ndiye aliyelisikia, na sindano ikamtoka mkononi, akainuka akaingia ndani. Hapo ndipo Raghoji akatambua kwamba hakuitwa mkwe.

"Baba," akasema, "ule ni udongo tu wa kumwagwa. Mimi nimezaliwa kisiwa kingine, nawe wajua."

"Ada haiulizi udongo ulitoka wapi, wala haiulizi mtu kazaliwa wapi. Inauliza kama kuna bahari kati yako na yeye. Ipo?"

"Haipo."

"Basi umemfanya binti yangu kuwa dada yako, na mimi umenifanya baba yako. Irudishe bahari, mwanangu, kisha uje tuzungumze mambo ya harusi."

Kama Raghoji angeisugua pete palepale, hekaya hii ingekuwa fupi na ya kuchekesha, nasi tungekuwa tumeshamaliza. Lakini watu walikuwa wamekusanyika, na vijana wenzake walikuwa wakimtazama kwa macho ya kustaajabu, na aliona haya kuonekana mjinga aliyefukia bahari asubuhi akaifukua mchana. Akasema moyoni, kesho. Na kesho yake akaja Sultani.

Sultani Ruknijahani alikuwa ameona kutoka dirishani kwake kilima kikiondoka na mkondo ukizibika, akashuka mbio bila kilemba, akavuka kwa mashua ya makasia mengi katikati ya mawimbi na mawaziri wakitapika. Akamkumbatia mgema mbele ya halaiki na kusema, "Ewe kijana uliyebarikiwa, umetenda waliloshindwa mafundi wa baba yangu na wa babu yangu. Ifunge mikondo yote, uvifanye visiwa hivi kuwa nchi moja, nami nitasimamisha hapa mji ambao habari zake zitafika Sham na Uchina. Na wewe nitakupa cheo cha Amiri wa Nchi Mpya, na kasri juu ya kilima, na joho la hariri, na hutapanda mnazi tena isipokuwa kwa kupenda."

"Maulana," Raghoji akasema, "mimi nina mchumba. Na kwa ada ya kwetu mkondo ukizibwa nampoteza. Niliazimia kuufukua leo."

Sultani akacheka, si kwa ubaya, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. "Ada hiyo, kijana wangu, imemkatalia mgema. Nionyeshe baba atakayemnyima Amiri binti yake. Mvike mzee huyo joho, mjengee nyumba ya mawe, na utaona ada inavyokunjwa na kuwekwa sandukuni."

Mimi msimulizi kila nikifika hapa hutamani kumshika Raghoji mkono. Lakini hakuna wa kumshika, na maneno ya Sultani yalimwingia kwa kuwa alitaka yamwingie. Alijiona akirudi kwa Hirba juu ya ndovu, na mzee akilegea, na Saguna akipata mtumwa wa kumwanikia samaki. Akaisugua pete, na kwa muda wa masika yale Tarmushi alisawazisha vilima na kuvimimina, mkondo baada ya mkondo, hadi visiwa saba vikawa nchi moja na bahari ikasukumwa nje kama mgeni aliyekaa sana.

Mji ukaota. Wakaja Wabaniani na Waajemi na Waarabu, wakaja wajenzi wa merikebu na wafua dhahabu, wakaja wafumaji kutoka bara walikokimbia ukame, na wote waliopata kiwanja walikipata juu ya udongo wa Raghoji. Barabara zilitaka kunyooka, na minazi ilikuwa njiani, ikakatwa. Mnazi mrefu wa mwewe ukawa boriti za forodha. Mama yake Raghoji akahamia kasrini, akawa na wajakazi wa kumchotea maji, na akafa akilalamika kwamba hajui jina la hata mmoja wao.

Siku Raghoji alipojiona amekuwa mkubwa vya kutosha, akaenda kwa Hirba na ndovu na majoho na masanduku, na watu wakapanga njia kumtazama. Hirba alikuwa kizingitini palepale.

"Karibu, mwanangu," akasema.

Raghoji akashuka kutoka juu ya ndovu, akapiga magoti mbele ya kizingiti. "Baba, nimekuja kwa heshima. Nitajie lolote unalotaka, nitakupa. Niozeshe Saguna."

"Mimi sina ugomvi nawe. Mzazi hagombani na mwanawe kwa vitu alivyovunja akiwa mdogo. Lakini sikiliza. Tangu ulipofunga mikondo, vijana wetu wote wamekuwa ndugu. Maskini wa kwetu waliochumbiana wameachana wakilia, na wengine wamewapeleka mabinti zao bara wakaolewe na watu wasiowajua. Wote hao walikuja hapa kizingitini, na wote niliwaambia hapana. Sasa nikimwoza Saguna kwako kwa sababu una ndovu, nitawatazamaje?"

Raghoji akainuka. Akazunguka nyuma ya nyumba, akamkuta Saguna akishusha samaki kwenye chanja, na ilikuwa mara yao ya kwanza kusimama karibu bila watu.

"Ulikuwa na haraka gani, Raghoji?" Saguna akamwuliza.

"Sikukuona kwenye chanja. Siku nyingi sikukuona."

"Ilikuwa mvua. Nani anaanika samaki mvuani?"

"Nilidhani umenisahau."

Saguna akaendelea kushusha samaki, mmoja mmoja. "Nilikuwa ndani nafuma mkeka wa harusi. Ungeniita tu kutoka ng'ambo, ningetoka nikajibu. Ungeniuliza, ningekwambia ngoja, kama mimi nilivyongoja. Lakini hukuniuliza. Uliifukia bahari yangu kana kwamba ni yako peke yako." Akajifuta uso kwa kiganja cha mkono. "Sitaolewa bara, hilo nakuahidi. Na sitaolewa na kaka yangu. Sasa nenda, kaka."

Neno hilo lilimchoma kuliko la baba. Raghoji akatoka mbio, akawaacha ndovu na masanduku njiani, akaenda moja kwa moja mahali ulipokuwa mkondo wa kwanza, akaitoa pete. Alikuwa ameazimia. Aliwaza kuirudisha bahari saa ile ile, na cheo kiende, na kasri liende, na Sultani amkate kichwa akitaka.

Lakini mkondo ule sasa ulikuwa mtaa wa wafumaji. Vitambi vya nguo vilining'inia juani, na watu walikuwa wengi, na mwanamke mmoja aliyekaa kivulini mwa turubai alimwona yule bwana wa joho anavyotokwa jasho, akampisha mkekani pake na kumletea maji katika kata. Hakumjua. Raghoji akanywa, na mwanamke akazungumza, kama watu wanavyozungumza na mgeni aliyechoka.

"Kwetu bara mvua zilitukimbia," akasema. "Tulitembea na maiti ya mtoto, bwana wangu, kwa kuwa kila tulipofika wenye ardhi walitufukuza na hatukuwa na pa kumzika. Hapa ndipo tulipopewa. Yupo pale nyuma ya kisima, na mdogo wake yuko naye sasa, alikwenda kwa homa mwaka huu. Namwombea dua kila siku aliyeitoa nchi hii baharini, sijui hata ni nani."

Raghoji akairudisha kata. Akaenda nyuma ya kisima, akaviona vijikaburi viwili vimezungushiwa kombe za pwani, akaisugua pete polepole. Watu wa mtaa hawakumwona jini, waliona kivuli tu wakadhani ni wingu.

"Tarmushi," akasema, "nikikuamuru uifukue mikondo, utaweza kuwaondoa kwanza watu hawa na nyumba zao na makaburi yao?"

"Bahari nitairudisha kwa kufumba na kufumbua. Watu si mawe wala udongo, bwana wangu. Watajiondoa wenyewe wakiwahi."

Raghoji akasimama pale hadi wafumaji wakaanza kuanua nguo zao. Alilia, na hakujificha. Kisha akaiweka pete katika kiganja cha jini, na kiganja hicho kilikuwa kikubwa kama uwanja. "Nimekuacha huru. Nenda kwenu, kama una kwenu."

Tarmushi akainama hadi utosi wake wenye kipara ukagusa ardhi aliyoimwaga. "Kwa kuwa sasa si mtumwa, naweza kushauri, nami nakulipa wema wako kwa neno moja. Mimi niliyafukia maji, sikuyaua. Yanaijua njia yake." Na akatoweka, na pete nayo.

Basi miaka ikapita, na Raghoji akaishi maisha ambayo wengi walimwonea wivu. Sultani alimpa mabinti wa mawaziri achague, akashukuru na kukataa, mpaka watu wakasema Amiri ana nadhiri. Merikebu zilijaa bandarini, na mji ukawa mkubwa kuliko Sultani alivyoota, na Sultani mwenyewe akafa akiwa na furaha. Hirba akafa, na watu wachache wa visiwa waliobaki wakamweka Saguna mahali pa baba yake, awe mlinzi wa ada ambayo karibu hapakuwa na wa kuifuata. Kila asubuhi Raghoji alipanda juu ya paa la kasri na kutazama, lakini nyumba zilikuwa zimejengwa juu ya nyumba, na chanja hazikuonekana. Aliweza kwenda. Ilikuwa mwendo mfupi tu kwa miguu, na huo wepesi ndio uliokuwa adhabu yake.

Hata ukafika mwaka mmoja ambao mvua zilinyesha hazikupumua, na zikakutana na bamvua, na bahari ikajaa hadi ukingoni, na asubuhi moja watu wakaamka wakisikia sauti ambayo wazee peke yao waliitambua. Maji ya chumvi yalikuwa yakiingia. Hayakuingia ovyo. Yaliingia kwa mtaa wa wafumaji, na kwa soko la viungo, na kwa njia ya forodha, yakipinda pale pale yalipopinda zamani, na wafumaji wakapanda na watoto wao orofani, na hakufa mtu, kwa rehema za Mola. Raghoji alitazama kutoka paani, nywele zake nyeupe zikimlowa, akahesabu vipande vya nchi vilivyobaki juu ya maji, vikawa saba.

Mtumbwi haukuwapo tena katika mtaa ule wote. Mzee akashuka, akang'oa mlango mmoja wa kasri, wa msaji wenye njumu za shaba, akausukuma majini, akaupanda, akaanza kupiga makasia kwa ubao wa dirisha. Vijana wakamcheka kutoka madirishani. Njiani akaokota nazi iliyoelea, akaiweka kati ya magoti.

Saguna alikuwa kizingitini kwa baba yake, maji yakifika ngazi ya chini. Alikuwa mzee naye, na macho yake yalikuwa yale yale. Akautazama mlango, na nazi, na mtu aliyelowa.

"Umevuka na nini?" akauliza.

"Na mlango."

"Kuna bahari kati ya kwako na kwangu?"

"Ipo. Onja mwenyewe, ina chumvi."

Saguna akachota kwa kiganja, akaonja. Raghoji akasubiri, na safari hii alisubiri kweli, na mvua ikimpiga.

"Maji haya yatapwa kesho," Saguna akasema.

"Yatapwa. Wewe ndiye mlinzi wa ada. Inasema maji yakae muda gani?"

"Haisemi." Akaingia ndani, na Raghoji akadhani amemkataa. Akatoka na mkeka uliokunjwa, umefifia rangi, kingo zake zimeliwa na panya. "Nisaidie kupanda, Raghoji. Magoti yangu si yale."

Akampakia, unyayo wake haukugusa nchi, na katikati ya mtaa wa wafumaji wakaitupa nazi majini, na wafumaji waliokuwa orofani wakapiga vigelegele ingawa hawakujua kilichokuwa kikitendeka. Na kesho yake maji yakapwa, na Satabeti ikawa nchi moja tena, yenye matope, na wao wakawa mume na mke kwa ada na kwa ushahidi wa bahari.

Wakaishi pamoja katika kasri lisilo na mlango mmoja, kwa muda mfupi, maana walikuwa wamebakiwa na muda mfupi. Saguna hakumlaumu tena. Ila zilipoanza mvua za mwaka uliofuata, Raghoji alikuwa ameketi karibu naye dirishani, mkono wake mkononi mwake, akaanza kulia. Saguna akamwuliza kilichomliza, ilhali amekwisha kumpata aliyemtaka, na mali anayo, na mji mzima watu wanakaa juu ya kazi yake.

"Namkumbuka mama," Raghoji akasema. "Aliniambia masika yatakwisha."

Na hayo ndiyo yaliyowapata, na anayeisikiliza hekaya hii akiwa na haraka ya jambo, na amwulize kwanza anayelingoja pamoja naye. Nami nimeishia hapa, kwa kuwa nje mvua imekatika, na njia inapitika.